Mama Foronya na Kisanduku cha Nne

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano. Asubuhi palikuwa na manyunyu membamba, mbingu imejifunika wingu la rangi ya maji ya suuza, na upepo haukuwapo hata wa kutikisa soksi kwenye kamba.

Basi nyamazeni, enyi mliokaa na enyi mliosimama. Aliye na kikombe mkononi akiweke chini, aliye na neno aliweke chini ya ulimi, na walio jikoni waitwe, maana hili si jambo la kusikiwa kwa sikio moja. Wako majemadari walioandikiwa habari zao kwa sababu walivuka milima, na wafalme walioandikiwa zao kwa sababu walibomoa kuta, nao walistahili. Lakini nani amewahi kuandika habari za mwanamke aliyevuka ukumbi wa kiwanda cha kufulia nguo, hatua arobaini na tatu kwa kuhesabu, kutoka meza ya kukunjia mpaka mlango wa meneja, akiwa na karatasi moja na kalamu moja, ili amwambie mkubwa wake kwamba kazi aliyopewa ni nyepesi mno? Ee Mola, wewe uliyeumba vilivyo vikubwa na usiyesahau unyoya wa shomoro, ufungue ulimi wa msimulizi asipunguze wala asizidishe. Au akizidisha, azidishe kidogo tu, na kwa nia njema.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko lilipumzika. Kiwandani aliitwa Mama Foronya, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukunja foronya za mito, na baada ya foronya, foronya, na baada ya hizo, foronya. Mikunjo minne kila moja. Mrundo wa hamsini, kamba, mrundo mwingine. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mabega mapana, na mikono ambayo haikuwahi kushindwa na kitambaa chochote kilichofumwa na binadamu.

Hakuanza hivyo. Miaka kumi na moja iliyopita alipoingia kiwandani, alikunja kila kilichokuja kutoka hospitali mbili na hoteli nne: mashuka, mataulo, vitambaa vya meza, makoti ya madaktari. Na alikunja, jamani! Shuka la kitanda cha watu wawili, ambalo wengine hulishika wawili wawili kama wabeba machela, yeye alilirusha hewani peke yake, likatanda kama wingu, na liliposhuka lilishuka likiwa limekwisha kutii. Wageni wa kiwanda walisimama kutazama.

Lakini mwaka wa tano kazi ilimwishia. Mezani ilikuwepo tele. Iliyokwisha ni ile ya kichwani. Mikono ilijua kila kitu na haikumuuliza tena. Ndipo akakata shauri kumwona Meneja amwombe kazi yenye kufikirisha, na hapo ndipo maafa yake yalipoanzia.

Kwa maana katika kiwanda kile ilikuwa sheria kwamba hakuna amwonaye Meneja bila fomu. Iliitwa Fomu ya Shida, karatasi ya kijivu yenye visanduku vitatu, na kando ya visanduku maneno haya: MZIGO MZITO. UGONJWA. MSIBA. Mwenye shida huweka alama kwenye kisanduku kimoja, karani humpelekea Meneja, Meneja humwita. Na Mama Foronya, ambaye utoto wake ulikwisha kabla hajaonyeshwa herufi hata moja, alifanya kama alivyofanya siku zote mbele ya karatasi. Alijipapasa kifuani, akajipapasa mfukoni, akasema, "Hebu nijazie, baba. Miwani nimesahau nyumbani."

Karani huyo alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni na neno moja kinywani. Ukimuuliza kwa nini fomu ijazwe kwa wino wa buluu, atakwambia, "Kanuni iko chini." Ukimuuliza kwa nini mgonjwa asimame foleni, kanuni iko chini, na hapo angegusa kwa ncha ya kalamu mstari wa maandishi madogo kama mayai ya chawa, uliobanana ukingoni mwa karatasi. Watu walitazama mstari ule, wakaogopa, wakaondoka. Kwa hiyo wakamwita Kanuni.

"Mwandikie Meneja," Mama Foronya alimwambia siku ile ya kwanza, "nataka kazi ya kutumia akili."

Kanuni alivitazama visanduku vitatu. Akili haikuwamo. Akaweka alama mahali alipopaona kuwa jirani na jambo lenyewe: MZIGO MZITO.

Na Meneja, enyi mnaosikiliza, Meneja ndiye alikuwa adui wa kutisha kuliko wote, kwa sababu alikuwa mtu mwema. Alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kumwona mtu akikohoa asimpe kiti. Nyuma ya mgongo wake aliitwa kwa neno lake: Pole. Alisoma fomu, akamwita Mama Foronya, na kabla mama huyo hajafungua kinywa, akainua kiganja. "Pole, mama. Pole sana. Usieleze, usijiumize. Nimeona." Kesho yake mashuka yakaondolewa mezani pake, akapewa mwingine.

Alipeleka fomu ya pili. Karani alijaza vilevile. Meneja akasema pole mara tatu, na mataulo yakaenda.

Halafu ikatokea siku ya kitambaa. Alikuwa akikunja huku amesinzia amesimama, mikono ikienda yenyewe, na mikono hiyo ikamvua kitambaa cha kichwani, ikakikunja mikunjo minne, ikakiweka kwenye mrundo, nacho kikaenda hospitali, kikavishwa mto wa mgonjwa. Kilirudi baada ya juma zima, safi, ila doa la uji. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye akapeleka fomu ya tatu. Safari hii Meneja alitoka mwenyewe na kiti kilichotandikwa godoro dogo. "Keti, mama. Vitambaa vya meza na makoti usiviguse tena. Foronya tu, na polepole."

Adui mwenye panga hukimbiwa. Adui mwenye "pole", mtu amkimbilie wapi?

Basi miaka miwili kabla ya Jumanne yetu, Mama Foronya aliona kwamba kichwa kisipopewa kazi kitajitafutia majungu. Akajiandikisha kwenye madarasa ya jioni. Alikaa kwenye dawati lililomfika magotini, mbele ya mwalimu ambaye angeweza kuwa mzaliwa wake wa mwisho, akaanza na a, e, i, o, u. Hakumwambia mtu kiwandani ila mmoja. Kila jioni kabla ya kufungua daftari alisema kwa sauti ndogo, "Mola wangu, wewe uliyenipa macho, nipe na ya pili." Na Mola, ambaye hana foleni wala fomu, alimpa herufi moja moja.

Mwezi mmoja kabla ya Jumanne hiyo, alikuwa akibadili karatasi za kutandikia rafu za foronya. Karatasi hizo zilikuwa fomu kuukuu, maana kiwanda hakikutupa kitu. Akanyanyua moja, akaona jina lake. Hilo alilijua vizuri sasa. Akashuka na kidole. Akaona alama, na kando ya alama maneno mawili, akayasoma kwa midomo: mzi-go mzi-to.

Alikaa kwenye kiti chake chenye godoro, kile alichopewa kwa kosa, akacheka mpaka akalia; au pengine alilia mpaka akacheka. Shahidi alikuwa mbali.

Shahidi huyo alikuwa Dada wa Pasi, mpiga pasi wa makoti, rafiki yake na mlinzi wa siri yake, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa na moto kuliko chombo alichoshika. Na sasa sikilizeni kilichokuwa hatarini, ili msije mkauliza kwa nini jasho lilitoka.

Mwisho wa ukumbi, nyuma ya mstari mwekundu uliopakwa sakafuni, ilikuwepo Meza ya Madoa. Hapo zililetwa nguo zilizoshinda mashine: zenye damu, kutu, wino, mafuta ya injini, dawa za rangi. Hapo alitawala Mzee Madoa, bingwa wa miaka thelathini, mwenye chupa kumi na tisa mbele yake. Mbili kati ya chupa hizo zikikutanishwa hutoa moshi wa kuua watu, kwa hiyo asiyejua kusoma hakuruhusiwa kuvuka mstari mwekundu hata kwa kidole cha mguu. Mama Foronya alikuwa akisimama upande wa pili wa mstari kila siku wakati wa mapumziko, akisikiliza. "Damu maji baridi, mama, usiisogezee moto, itaganda na kukucheka," mzee alisema. "Chai ni mnafiki, inaonekana imeondoka, kumbe imejificha. Kutu haina haraka, nawe usiwe nayo." Aliyajua madoa yote kwa majina na tabia, kama mtu anavyowajua majirani. Hakuna kazi duniani aliyoitamani zaidi.

Na mwisho wa mwezi ule Mzee Madoa alikuwa anastaafu. Ijumaa iliyotangulia Meneja alitangaza kwamba Jumanne adhuhuri atabandika tangazo ukutani, atafutwe mtu wa nje, mwenye kusoma.

"Kwa hiyo leo au basi," alisema Mama Foronya asubuhi ile, akipangusa manyunyu usoni.

Dada wa Pasi aliinua pasi, mvuke ukamzunguka kichwa. "Shoga yangu, fikiria kwanza. Fomu ya kwanza, mashuka. Ya pili, mataulo. Ya tatu, kila kitu. Ukipeleka ya nne, yule bwana kwa wema wake atakuondolea foronya. Utabaki unakunja nini? Mikono?"

"Atanituma nyumbani."

"Atakutuma nyumbani na kukusindikiza na pole mpaka mlangoni! Watu wanalilia kazi ya kukaa kitini, wewe unataka kuisusa?"

"Mvumilivu hula mbivu, najua," alisema Mama Foronya. "Lakini mimi mbivu yangu nimeitazama mpaka inaanza kuoza. Nitakwenda saa nne, mashine zikiwa kwenye suuza."

"Haya. Ukifa nitakupigia pasi sanda."

Saa nne ilipofika, shujaa alijivika silaha zake. Alifunga kilemba chake cha buluu mara mbili, kwa fundo ambalo hata mikono yake yenyewe isingeweza kulifungua ikisinzia. Alivaa miwani, ya kwake kweli, iliyofungwa uzi shingoni. Akaitwaa kalamu yake ya darasani, kalamu ya buluu iliyotafunwa mwisho, iliyopigana na hesabu za kugawanya ikatoka hai. Kisha akaingia stoo ya sabuni, akapiga magoti kati ya magunia mawili, akasema:

"Mola wangu, sikuombi cheo. Nakuomba nisikatizwe. Nikifungua kinywa, mzuie yule mtu mwema asinihurumie kabla sijamaliza. Amina."

Akapiga chafya kwa ajili ya sabuni, akatoka.

Hatua ya kwanza mpaka ya kumi na tano alipita mbele ya mashine za kufulia, majitu saba yenye jicho moja moja la kioo, yakinguruma na kubingirisha matumbo yao. Hakuyatazama. Hatua ya kumi na sita mpaka ya thelathini alikata bonde la pasi, lenye mvuke mzito, ambamo wapiga pasi sita walisimamisha vyombo vyao, na mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Foronya, kiti kimekuchosha?" Vicheko vikalipuka. Shujaa akajibu bila kugeuka, "Kimenichosha kweli, mwanangu. Njoo uketi wewe, na mimi nishike hiyo pasi unayounguza nayo kola." Muulizaji akatazama chini. Kola ilikuwa inaungua kweli. Hivyo akashinda pigano la kwanza bila kumwaga damu.

Hatua ya arobaini na mbili akakuta ngome: meza ndogo ya Kanuni, iliyowekwa mbele ya mlango wa Meneja kwa namna ambayo hata nzi angelazimika kuomba ruhusa.

"Fomu," alisema Mama Foronya.

Kanuni alivuta karatasi ya kijivu, akachomoa kalamu ya pili kati ya tatu. "Miwani umesahau, siyo? Niambie, nijaze."

"Leo ninayo. Nipe nijaze mwenyewe."

Kalamu ya Kanuni ilisimama hewani. Kwa miaka kumi na moja mkono ule haukuwahi kumnyooshea karatasi mwanamke yule. Lakini hakupata sababu ya kukataa, akampa.

Alisoma polepole, kidole kikifuata. MZIGO MZITO: hapana. UGONJWA: hapana, alhamdulillahi. MSIBA: Mola apishe mbali. Akafika mwisho wa visanduku, na mbele yake ikabaki karatasi tupu, kama uwanja ambao hakuna jeshi lililowahi kuukanyaga. Jasho jembamba lilimtambaa mgongoni. Ndipo akapiga moyo konde, akashusha kalamu, na chini ya vile vitatu akachora cha nne.

Kilikuwa kisanduku cha kupinda. Upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenziwe na pembe moja haikufunga sawasawa. Lakini kilikuwa chake. Akaweka alama ndani yake, na kando, kwa herufi kubwa zilizosimama mojamoja kama watoto mstarini, akaandika: MZIGO MWEPESI.

Kanuni alitoa macho. "Umefanya nini?"

"Nimejaza."

"Umechora! Fomu haichorwi! Hii si fomu tena, hii ni picha! Umeichafua, haiwezi kupokelewa."

"Nani kasema?"

"Kanuni iko chini!" alinguruma yule mtu mwembamba, na ncha ya kalamu yake ikagonga mayai ya chawa, ta, ta, ta.

Wakati huohuo, kwa kudra ya Mola, mashine saba zilimaliza suuza. Majitu yote yakanyamaza kwa pamoja, na ukumbi ukawa kimya kama haujawahi kuwa. Mlango wa Meneja ukafunguka. Meneja akasimama hapo na kikombe cha chai, akatazama karani, akatazama mama, akatazama karatasi. Huruma ikaanza kumpanda usoni.

"Pole, mama, kwani..."

"Bwana Meneja," alisema Mama Foronya, "naomba usinipe pole mpaka nimalize."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Meneja akafunga kinywa.

"Fomu hii ni batili," alisema Kanuni. "Ameongeza kisanduku. Kanuni inakataza."

"Inasemaje?" aliuliza Meneja.

"Iko chini."

"Najua iko chini. Isome."

Hapo, enyi mliosimama na mliokaa, ndipo yakatokea yale ambayo wajukuu wa wapiga pasi watasimuliana. Kanuni aliinua karatasi mpaka puani. Akaishusha mpaka kiunoni. Akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akajipapasa kifuani, akajipapasa mfukoni, penye kalamu tatu, akasema kwa sauti ndogo, "Nadhani miwani nimesahau nyumbani."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kicheko. Mama Foronya hakucheka. Aliujua mpapaso ule. Aliujua kuliko mtu yeyote duniani. Akamtazama karani kwa jicho la mwenye kuumwa ugonjwa uleule.

"Wewe umeisoma lini mara ya mwisho?" aliuliza Meneja.

"Karani aliyenitangulia ndiye aliniambia kwamba iko chini."

Meneja akaitwaa karatasi mwenyewe, akaiweka mbali kwa urefu wa mkono wake wote. "Naona sisimizi tu," alikiri.

"Nipeni mimi," alisema Mama Foronya.

Dada wa Pasi alikuwa amekwisha kufika, na wapiga pasi wote nyuma yake, na dereva wa gari la nguo na funguo zake, na kutoka nyuma ya mstari mwekundu Mzee Madoa mwenyewe, akijipangusa mikono kwa kitambaa. Wote walimwona mwanamke aliyesahau miwani kwa miaka kumi na moja akiweka karatasi mezani, akiinamisha kichwa, na kukandamiza kidole chini ya neno la kwanza, kama alivyofundishwa.

"M-fa-nya-ka-zi," alisoma. "Mfanyakazi. Mwe-nye. Jambo." Akavuta pumzi. "Li-si-lo-ta..." Akakwama. Hapo palikuwa na herufi tatu zimebanana, yale makundi ya herufi yaliyomliza darasani majuma mawili. Mahali fulani tone lilidondoka kwenye ndoo. "Ta-jwa!" alisema. "Lisilotajwa!"

"Eeh!" alisema dereva, aliyekuwa hajui anashangilia nini.

"Mfanyakazi mwenye jambo lisilotajwa hapo juu, ageuze karatasi, aliandike kwa maneno yake mwenyewe, naye atasikilizwa."

"Soma tena," alisema Meneja.

Akasoma tena, na safari hii hakukwama popote.

Meneja aligeuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe. Akaenda kwenye kabati lake, akavuta jalada la fomu za zamani, akazigeuza moja moja, na zote nyuma zilikuwa nyeupe, za miaka yote, weupe mtupu ambao hakuna aliyewahi kuugusa. Akakaa chini, kwenye kiti cha karani, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Fomu zako tatu," alisema. "Ulikuwa unataka nini?"

Na Mama Foronya akasimama wima, akashika uzi wa miwani kama mkuki, akasema:

"Bwana Meneja, siumwi. Sijafiwa. Sijaelemewa na kitu chochote kwa miaka sita, na hilo ndilo linaloniua. Ulinihurumia ukaniondolea mashuka, ukanihurumia ukaniondolea mataulo, Mola akulipe kwa nia yako. Lakini mikono yangu iko kazini na kichwa changu kimekaa barazani kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Nimekunja foronya nikiwa macho, na nimezikunja nikiwa usingizini, na hakuna aliyeona tofauti, hata mimi. Nimesoma jioni miaka miwili. Sijui yote. Nikikuta neno refu natembea nalo kama mtu avukaye mto. Lakini navuka. Naomba Meza ya Madoa. Na kama hunipi, nirudishie mashuka yangu."

Meneja alifungua kinywa. "Po..." alianza, na watu wote waliona lile neno likimfika menoni. Akalimeza. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda, na lilishuka kwa shida, kama kidonge kisicho na maji.

"Mzee," alisema badala yake, "unasemaje wewe?"

Mzee Madoa alimtazama mama. "Madoa anayajua kuliko mimi nilipoanza. Nilidhani chupa hazijui." Akatoa chupa ndogo mfukoni mwa aproni, akamnyooshea. "Mama, hii nini?"

Akaigeuza kwenye mwanga. "Ya kutu." Kidole kikashuka. "U-si-cha-nga-nye na chupa ya kumi na mbili." Akanyanyua macho. "Kumbe zile mbili za moshi ndizo hii na ile!"

"Ndizo hii na ile," alisema mzee. "Miaka thelathini, hakuna aliyeniuliza."

Basi ikaamriwa hivi. Mpaka mwisho wa mwezi Mama Foronya atasimama kando ya Mzee Madoa, na kila asubuhi atamsomea chupa zote kumi na tisa kwa sauti. Akikosea moja, atarudi kwenye foronya bila kinyongo. Tangazo la kutafuta mtu wa nje lisibandikwe adhuhuri. Fomu mpya zichapwe, mstari wa chini uwe na herufi kubwa zinazoonekana na mtu aliyesahau miwani, na kisanduku cha nne kiwemo. "Kinyooshwe lakini," alisema Meneja.

"Usikinyooshe," alisema Dada wa Pasi. "Kiache hivyohivyo, watu wajue."

Kanuni alifungua kitabu cha zamu, akaandika, kama alivyokariri miaka yote, tarehe, na saa, na hali ya hewa, na neno moja: "Imepokelewa." Kisha akasita, akainama karibu na sikio la Mama Foronya. "Hayo madarasa," alinong'ona, "yanapokea na watu wa miwani?"

"Yanapokea. Saa kumi na moja na nusu. Njoo na daftari."

Wakaenda wote pamoja mpaka mwisho wa ukumbi, msafara wa watu kumi na wawili na kikombe kimoja cha chai, wakapita bonde la pasi na majitu yenye jicho moja, ambayo sasa yalinyamaza kwa adabu. Nje manyunyu yalikuwa yamekatika. Ngome imeanguka, watu walisema. Wengine wakasema haijapata kuonekana, na dereva akaapa kwamba atawasimulia hospitali zote mbili na hoteli zote nne kabla ya jua kuchwa.

Kwenye mstari mwekundu Mzee Madoa alisimama upande wake, akainua mkono. "Hapa havuki mtu bila ahadi. Mimi niliahidi mbele ya aliyenitangulia. Sema wote wasikie."

Mama Foronya alitazama viatu vyake, vilivyogusa rangi nyekundu. Midomo ilitembea kidogo, na waliokuwa karibu walijua kwamba kwanza anaongea na Mola. Kisha akainua uso, akasema kwa sauti iliyofika mpaka meza ya karani:

"Naahidi mbele ya Mola na mbele yenu nyote. Chupa nisiyoisoma sitaifungua. Neno nisilolijua nitauliza. Na kuanzia leo, mbele ya karatasi yoyote, sitasema tena kwamba nimesahau miwani."